Epulu, Serengeti na prosesa za viini vingi

Kufunza mtandao wa neva ni hesabu moja inayorudiwa mara mabilioni. Namba za picha huzidishwa kwa namba za uzito, matokeo hujumlishwa, jibu hulinganishwa na jibu sahihi, kisha kila uzito husogezwa kidogo upande unaopunguza kosa. Hakuna hatua iliyo ngumu hapo. Kinachochosha ni wingi wake. Kwa sababu hiyo historia ya mitandao ya neva imekuwa kwa sehemu kubwa historia ya kuigawa hesabu hiyo kwa viini vingi vya prosesa (sehemu zake zinazohesabu kila moja peke yake), na ya kutafuta njia za kuvizuia viini hivyo visikae bure vikingojana. Afrika ya Mashariki na Kati iliingia katika historia hii kwa mlango wa wanyamapori, pale picha zao zilipozidi macho ya kuzitazama.

Epulu ni kijiji cha teritwari ya Mambasa, jimbo la Ituri, Kongo ya Kinshasa, mahali ambapo barabara ya taifa namba 4 inavuka mto Epulu katikati ya msitu. Jina lake limevuma kwa sababu ya okapi, mnyama wa ukoo wa twiga ambaye Wambuti, wawindaji wa msitu huo, na majirani zao walimjua tangu kale, lakini vitabu vya sayansi vilimpokea mwaka 1901 tu, baada ya Harry Johnston, mwakilishi wa Uingereza nchini Uganda, kupeleka London ngozi na mafuvu. Mwaka 1952 utawala wa Wabelgiji ulianzisha Epulu kituo cha kukamata okapi kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo. Mradi wa kuwahifadhi ulianza mwaka 1987, na mwaka 1992 ikatangazwa Hifadhi ya Wanyama ya Okapi, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 13,700, karibu sehemu moja ya tano ya msitu wote wa Ituri. UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikaiweka pia katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Okapi hutembea peke yake na husikia mbali. Anayepita msituni hukuta kinyesi chake mara nyingi zaidi kuliko anavyomwona mwenyewe, na kwa miaka mingi idadi ya wanyama hawa ilikadiriwa hivyo, kwa kuhesabu vinyesi na nyayo kwenye mistari iliyonyooshwa kichakani. Miti haikimbii, kwa hiyo takwimu kubwa za kwanza za Epulu zilikuwa za miti. Mwaka 1994 watafiti wa CEFRECOF, kituo cha mafunzo na utafiti wa misitu, wakiongozwa na Terese Hart na John Hart, walianza kupima hekta 40 za msitu: nusu huko Edoro, msitu wenye miti ya aina nyingi, na nusu huko Lenda, ambako mti wa mbau umetawala karibu peke yake. Kila shina lenye kipenyo kuanzia sentimita 1 lilipimwa, likapewa namba, likaandikwa jina la jamii yake. Kazi ya namna hiyo huzaa majedwali yenye mistari ya malaki, na kompyuta za wakati ule, zenye prosesa ya kiini kimoja, ziliyamudu bila shida. Kujumlisha mashina ni jambo moja. Kuifanya mashine ijifunze kuona ni jambo jingine kabisa.

Vita ya Kongo ilifika Epulu. Mtaalamu wa mimea Corneille Ewango alibaki hifadhini wengine walipoondoka; alificha vielelezo vya mimea, kompyuta na data za utafiti, na kuna wakati alilazimika kujificha mwenyewe msituni. Mwaka 2005 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira kwa kazi hiyo. Katika miaka hiyohiyo ya vita, bei ya koltani ilipopaa mwishoni mwa mwaka 2000, wachimbaji waliingia hifadhini na mabeleshi. Madini hayo hutoa tantali, na tantali hutengenezea vikapasita vidogo vinavyotuliza umeme kwenye mabamba ya simu na kompyuta. Ni kejeli ya historia kwamba msitu ulikuwa unatoa malighafi ya kompyuta miaka mingi kabla ya kompyuta kuweza kuutazama msitu.

Kwenye kompyuta zenyewe, wazo la kugawa kazi kwa prosesa nyingi halikuwa geni. Mwaka 1967 Gene Amdahl wa IBM alikuwa ameonyesha kikomo chake: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoamua kasi ya mwisho. Kama sehemu moja ya kumi ya muda hutumika katika jambo ambalo lazima lifanywe na kiini kimoja, viini 8 huharakisha kazi yote mara 4.7 tu, viini 16 mara 6.4, na hata viini 1,000 haviwezi kufikisha mara 10. Mwaka 1987, mwaka mmoja tu baada ya Rumelhart, Hinton na Williams kuieneza njia ya kurudisha kosa nyuma kutoka tabaka hadi tabaka, Guy Blelloch na Charles Rosenberg walifunza mtandao kwenye Connection Machine, kompyuta iliyoweza kuwa na prosesa ndogondogo 65,536. Ilikwenda vizuri, lakini wachache walifuata njia hiyo. Mashine ilikuwa ghali mno, na kiini kimoja cha kawaida kilikuwa kinaongezeka kasi kila mwaka. Aliyekuwa na subira alinunua kompyuta mpya baada ya miaka miwili na programu ileile ikakimbia mara mbili bila kubadilishwa hata herufi.

Neema hiyo ilikatizwa na joto. Kadiri saa ya prosesa ilivyoharakishwa, umeme uliotumika na moto uliotoka ulizidi uwezo wa feni kuupoza. Mei 2004 Intel iliachana na Tejas, prosesa iliyokusudiwa kuendeleza mbio hizo, na mwaka 2005 Intel na AMD zote ziliuza prosesa za viini viwili kwa ajili ya kompyuta za mezani. IBM ilikuwa imetangulia mwaka 2001 na POWER4 katika mashine zake kubwa. Tangu hapo kasi mpya haikuja yenyewe. Aliyeitaka alipaswa kuandika programu yake upya ili igawanyike.

Mtandao wa neva una njia mbili za kugawanywa. Ya kwanza ni kugawa picha: kila kiini hupewa nakala ya uzito wote na fungu lake la picha, hupata hesabu ya marekebisho, kisha marekebisho ya viini vyote hujumlishwa na uzito kubadilishwa mara moja. Ya pili ni kuukata mtandao wenyewe, tabaka hizi huku na zile kule. Njia ya kwanza ndiyo iliyoenea, na ugumu wake unaeleweka vizuri Epulu kuliko mahali pengi, kwa maana unafanana na uwindaji wa nyavu wa Wambuti. Kila familia huja na wavu wake, nyavu huunganishwa kuwa nusu duara, na wanawake na watoto hawaanzi kuwaswaga wanyama mpaka wavu wa mwisho umefungwa. Mwenye wavu aliyechelewa huwachelewesha wote. Ndivyo ilivyo kwa viini vinavyojumlisha marekebisho: kila hatua huenda kwa mwendo wa kiini cha mwisho kumaliza.

Mwaka 2006 kikundi cha Chuo Kikuu cha Stanford, akiwemo Andrew Ng na mtaalamu wa prosesa Kunle Olukotun, kilionyesha kwamba mbinu kumi za kujifunza kwa mashine, mitandao ya neva ikiwa mojawapo, zinaweza kuandikwa kama majumlisho. Kwa kuwa jumla haijali nani amehesabu fungu lipi, kazi iligawanyika karibu sawasawa hadi kwenye viini 16. Miaka mitano baadaye watafiti wa Wisconsin walikuja na jibu la kijeuri zaidi. Feng Niu, Benjamin Recht, Christopher Ré na Stephen Wright waliondoa kufuli zote: kila kiini kiliandika marekebisho yake kwenye kumbukumbu ya pamoja bila kuuliza, hata kama kingefuta ya mwenzake. Waliiita mbinu yao Hogwild. Hesabu zao zilithibitisha kwamba pale ambapo kila rekebisho hugusa namba chache tu kati ya nyingi, migongano ni michache na hasara yake ndogo kuliko muda unaookolewa kwa kutongojana. Pale ambapo kila rekebisho hugusa namba zote, kama ilivyo katika mitandao mingi ya picha, uhakika huo haupo.

Wakati huohuo mwelekeo mwingine ulikuwa unakua pembeni. Kadi za michoro, zilizobuniwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta, zilikuwa na mamia ya viini vidogo vilivyofanya hesabu ileile juu ya namba tofauti. Kiini kimoja cha kadi hiyo ni dhaifu kikilinganishwa na cha prosesa ya kawaida, lakini kuzidisha majedwali ya namba hakuhitaji akili, kunahitaji mikono. Mwaka 2009 Rajat Raina, Anand Madhavan na Andrew Ng walitangaza kwamba kadi ya michoro ilifanya kazi hadi mara 70 zaidi ya prosesa ya viini viwili, na kwamba mtandao wenye vigezo, yaani namba za uzito, milioni 100 uliohitaji wiki kadhaa ulifunzwa kwa siku moja hivi.

Mwaka 2012 ulikuwa mchungu Epulu. Alfajiri ya Jumapili ya 24 Juni, wapiganaji wa Mai-Mai Simba wa kiongozi aliyejulikana kama Morgan walivamia makao makuu ya hifadhi. Waliua watu, walinzi wakiwemo, wakachoma majengo na vifaa, na okapi wote 14 waliokuwa wakitunzwa kituoni wakapotea: 13 walikufa katika shambulio lenyewe, na wa mwisho hakupona. Katika wiki iliyoanza siku hiyo magazeti ya Marekani yalikuwa na habari nyingine kabisa: watafiti wa Google, Quoc Le, Jeff Dean na wenzao, walikuwa wamefunza mtandao kwa siku tatu kwenye kompyuta 1,000 zenye jumla ya viini 16,000, wakauonyesha picha milioni 10 zilizochukuliwa kwenye video za YouTube, na bila kufundishwa jina la kitu chochote sehemu moja ya mtandao ikawa inaitikia sura ya paka.

Mfumo wao, DistBelief, uligawa vyote viwili, picha na mtandao. Nakala nyingi za mtandao zilituma marekebisho kwa kompyuta zinazotunza uzito bila kusubiriana, kwa roho ileile ya Hogwild. Kama ushahidi wa viini vya kawaida, huo ulikuwa upeo wao, na haukudumu. Mwaka 2013 Adam Coates na wenzake wa Stanford walifunza mtandao wa ukubwa uleule, vigezo bilioni moja, kwenye mashine 3 tu zilizojaa kadi za michoro, kwa siku chache.

Hukumu kati ya kadi za michoro na viini vya kawaida ilikuwa imeshatolewa vuli ya 2012. Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton wa Toronto walishinda shindano la kutambua picha la ImageNet kwa mtandao wenye vigezo milioni 60, uliofunzwa kwa siku tano hadi sita kwenye kadi mbili za GTX 580. Kila kadi ilikuwa na viini 512 na gigabaiti 3 za kumbukumbu. Mtandao haukutosha kwenye kadi moja, ndiyo maana ulikatwa vipande viwili, nusu kila kadi, na nusu hizo ziliongea katika tabaka chache tu ili mawasiliano yasile muda. Kuna jambo jingine katika maandishi yao ambalo hutajwa mara chache. Wakati kadi zinajifunza fungu moja la picha, prosesa ya kawaida ilikuwa inaandaa fungu linalofuata, ikikata na kugeuza picha ili mtandao usizikariri. Huo ndio mgawanyo wa kazi uliobaki hadi leo: kadi hufanya hesabu, viini vya prosesa huilisha.

Desemba ya mwaka huohuo, Tanzania ilianza kuzalisha data iliyofaa mashine hizo. Alexandra Swanson, mwanafunzi wa Craig Packer wa Chuo Kikuu cha Minnesota katika mradi wa simba wa Serengeti, alikuwa tangu 2010 ametega kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125. Kamera za mtego hupiga picha zenyewe zinapohisi joto linalopita, na Serengeti zilihisi pia nyasi zilizochomwa na jua zikipepea. Takriban robo tatu ya picha hazikuwa na mnyama. Picha ziliwekwa kwenye tovuti ya Zooniverse kwa jina la Snapshot Serengeti, na watu wa kawaida duniani kote wakaombwa kusema wameona nini. Zaidi ya watu 28,000 waliojiandikisha walitoa majibu milioni 10.8 kwa picha za 2010 hadi 2013. Kila picha ilitazamwa na watu kadhaa, na majibu yao yakapimwa dhidi ya ya wataalamu.

Majibu hayo ndiyo yaliyokuwa mali. Mwaka 2018 Mohammad Sadegh Norouzzadeh na Jeff Clune wa Chuo Kikuu cha Wyoming, pamoja na Swanson, Packer na wengine, walichapisha matokeo ya mitandao ya miundo tisa iliyofunzwa kwa picha milioni 3.2 za Serengeti. Ilitambua aina 48 za wanyama kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 93.8. Mtandao uliporuhusiwa kunyamaza pale usipokuwa na uhakika, uliweza kubeba asilimia 99.3 ya kazi kwa usahihi uleule wa wafanyakazi wa kujitolea, asilimia 96.6. Wenyewe walipiga hesabu kwamba zimeokolewa saa zaidi ya 17,000, yaani miaka 8.4 ya mtu anayefanya kazi saa 40 kwa wiki.

Hesabu ya picha hizo inaonyesha vizuri viini vya kawaida vina kazi gani. Picha ya kamera ina nukta 2,048 kwa 1,536, zaidi ya milioni tatu. Mtandao hupokea picha iliyopunguzwa kuwa 256 kwa 256, nukta mara 48 pungufu. Kufungua faili, kuikunjua na kuipunguza hakufanywi na mtandao. Picha milioni 3.2 zikisomwa na kiini kimoja, kadi ya michoro yenye thamani kubwa hukaa ikisubiri chakula. Zikigawiwa viini 16, kila kimoja hushika fungu lake bila kumngoja yeyote, kwa sababu picha moja haihusiani na nyingine. Hapo sheria ya Amdahl karibu haina cha kusema. Mara nyingi aliyepunguza picha zote mara moja kabla ya mafunzo na kuzihifadhi hupata nafuu kubwa kuliko aliyenunua kadi ya pili.

Msituni mambo yako tofauti. Mwaka 2008 kamera zilizotegwa na Jumuiya ya Zuolojia ya London na ICCN, taasisi ya Kongo ya uhifadhi, zilimnasa okapi katika hifadhi ya Virunga, na zikatangazwa kuwa picha za kwanza za okapi akiwa huru porini. Mwanga chini ya miti ni hafifu, mnyama huonekana nusu, na wengi hupita usiku. Mtandao wa Serengeti haujui mazingira hayo. Mwaka 2018 Sara Beery na wenzake wa California walionyesha kwamba mtandao hudhoofika sana hata ukihamishiwa kamera nyingine zilizo jirani, kwa kuwa hujifunza mandhari pamoja na mnyama. Nchini Gabon, Robin Whytock wa Chuo Kikuu cha Stirling na wenzake walifunza mtandao kwa picha za misitu ya Afrika ya Kati, na kutokana nao ikatengenezwa programu ya Mbaza AI, inayofanya kazi kwenye kompyuta ya mkononi bila intaneti. Lakini okapi anaishi Kongo ya Kinshasa tu; mtandao ambao haukupewa picha zake utamwita kwa jina la mnyama mwingine, na kwa kujiamini.

Dawa yake haihitaji viini 16,000. Huchukuliwa mtandao uliokwisha kufunzwa kwa mamilioni ya picha, tabaka zake za chini zikaachwa zilivyo, na tabaka ya mwisho pekee ikafunzwa upya kwa picha elfu chache za mahali husika. Kazi hiyo huwezekana kwenye kompyuta ya mkononi yenye viini vinne au vinane, na hapo maswali ya 2006 hurudi kwa udogo. Kuzidisha majedwali hushughulikiwa na maktaba kama OpenBLAS, iliyotokana na kazi ya Kazushige Goto, ambayo huwasha viini vyote yenyewe. Mwandishi wa programu asipojua hilo, huanzisha michakato minane ya kusoma picha, kila mmoja ukafungua nyuzi nane za hesabu (mikondo ya kazi ndani ya mchakato mmoja), na viini vinane vikawa vinagombaniwa na nyuzi 64. Kompyuta hupata moto na mafunzo hurudi nyuma. Huponywa kwa kuweka uzi mmoja kwa kila mchakato.

Michakato hiyo ipo kwa sababu ya lugha ya programu ya Python, ambayo karibu kila mtu katika kazi hii huitumia. Kwa miaka mingi imekuwa na kufuli moja kuu linaloruhusu uzi mmoja tu kwa wakati kutekeleza maelekezo yake, hata prosesa ikiwa na viini vingapi. PyTorch, maktaba ya kufunzia mitandao ya neva, na nyingine za aina yake zililikwepa kufuli hilo kwa kuanzisha michakato kamili, kila mmoja na kumbukumbu yake, na kurushiana picha kati yao. Sam Gross, mhandisi wa PyTorch, alipendekeza kuliondoa. Pendekezo lake lilikubaliwa mwaka 2023, toleo la majaribio lisilo na kufuli likatoka na Python 3.13 Oktoba 2024, na toleo la 3.14 la mwaka uliofuata likalitambua rasmi. Kwenye mashine kubwa faida yake hupimwa kwa kasi. Kwenye kompyuta ya mkononi yenye gigabaiti 8, faida kubwa ni kumbukumbu: viini vyote vinane vinaweza kuandaa picha ndani ya mchakato mmoja, bila data kunakiliwa mara nane.